Futiboli ya vyuo Marekani: vyuo vidogo vinawanasaje wachezaji mbele ya vigogo? Maswali ninayoulizwa na wazazi

Ninaishi Fargo, North Dakota, na kwa misimu kadhaa nimekuwa nikisaidia timu ya futiboli ya sekondari: kubeba vifaa, kuendesha basi dogo, na zaidi ya yote kutafsiri. Watoto wa familia zetu zilizotoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya wanaingia kwenye mchezo huu, na wazazi wananiuliza maswali yaleyale nje ya kanisa, dukani, na uwanjani tukiwa tumejifunika blanketi. Nimeyakusanya hapa. Futiboli ninayoizungumzia ni ile ya mpira wenye umbo la yai, si soka.

## Mambo ya msingi

1. Mtu akisema "chuo kidogo" kwenye futiboli, ana maana gani?

Hazungumzii idadi ya wanafunzi. Anazungumzia daraja ambalo timu inacheza. NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo, kina madaraja matatu. La kwanza limegawanyika mara mbili: juu kuna FBS, yenye vyuo zaidi ya 130, vile unavyoviona kwenye televisheni kila Jumamosi, na chini yake kuna FCS. Halafu linakuja Daraja la Pili, kisha la Tatu. Nje ya NCAA kuna NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, na kuna vyuo vya miaka miwili ambavyo watu huviita "juko".

Hata ndani ya FBS kuna wenye nacho na wasio nacho. Alabama, Ohio State na Texas ni vigogo. Boise State, Wyoming na Northern Illinois nazo zimo FBS, lakini kwenye usajili ni kama mwenye duka la mtaani aliyepakana na supamaketi.

Hapa kwetu huhitaji kusafiri ili uzione ngazi hizo. North Dakota State, ambao wote tunawaita Bison, walitwaa ubingwa wa FCS mara 10 kati ya msimu wa 2011 na wa 2024. Ukivuka Mto Red kuingia mji wa Moorhead, timu ya Minnesota State Moorhead inacheza Daraja la Pili na Concordia wanacheza Daraja la Tatu. Ni dakika chache kwa gari, na hali zao za kifedha hazifanani kabisa.

2. Vigogo wana nini ambacho wadogo hawana?

Pesa, viwanja, televisheni, na jina ambalo hata bibi wa mtoto ameshalisikia. Uwanja wa Michigan unachukua watu 107,601. Fargodome, uwanja wa Bison, inachukua takribani 19,000. Tangu Julai 1, 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, haki inayojulikana kama NIL. Na tangu Julai 1, 2025, baada ya maafikiano ya kesi ya wanamichezo dhidi ya NCAA iitwayo House, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi takribani dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka huo wa kwanza. Kigogo hufika kwenye kikomo hicho. Chuo kidogo hakikisogelei.

Kwa hiyo chuo kidogo kikitaka kushindana kwa vitu alivyonavyo kigogo, kimeshindwa kabla simu ya kwanza haijapigwa. Vinavyofanikiwa hutafuta pale ambapo kigogo hakuangalia, au amechelewa, au hana nafasi. Sehemu kubwa ya majibu yanayofuata inatoka hapo.

3. Mwanangu hana nyota hata moja mtandaoni. Ndiyo basi?

Hapana. Nyota ni makadirio ya tovuti zinazofuatilia usajili, na tovuti hizo humwangalia zaidi yule ambaye tayari anaangaliwa. Kijana wa Texas au Florida ana macho mengi juu yake. Kijana wa North Dakota hana. Chuo kidogo kinachojua kazi yake hakisomi nyota, kinatazama video. Cooper Kupp alitoka sekondari bila kuthaminiwa, akaenda Eastern Washington, chuo cha FCS, na baadaye akawa mchezaji bora wa Super Bowl ya 56, fainali ya NFL, ligi ya kulipwa.

## Namna wanavyomtafuta mchezaji

4. Wanamwonaje kijana ambaye vigogo hawakumwona?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo kocha wa chuo kidogo anapoonyesha ufundi wake.

Kigogo huamua mapema. Mara nyingi anampa kijana ofa akiwa na miaka 15 au 16, maana akichelewa kigogo mwenzake atamchukua. Anayeamua mapema namna hiyo humkosa kijana ambaye mwili wake bado haujafunguka. Carson Wentz, mtoto wa Bismarck katika jimbo letu hili, alianza sekondari akiwa na urefu wa futi 5 na inchi 8. Alipofika mwaka wa mwisho alikuwa na futi 6 na inchi 5. Bison walimchukua, akakaa nao miaka mitano, na mwaka 2016, timu za NFL zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu kama zifanyavyo kila mwaka, akawa wa pili kuchaguliwa katika NFL nzima.

Makocha hawa wana mbinu zao za kumkisia kijana atakavyokuwa. Wanatazama viganja na miguu. Wanaangalia urefu wa baba na wajomba. Nimemwona kocha mmoja akija kwenye mechi ya mpira wa kikapu ya mchezaji wa futiboli, akakaa juu kabisa ya jukwaa, na hakuandika lolote kuhusu vikapu. Alikuwa anaangalia namna kijana anavyogeuza kiuno anapokaba, na anavyotua baada ya kuruka. Wengine hufuatilia mieleka na riadha, kwa sababu saa haina upendeleo.

Mfano mwingine mkubwa ni Josh Allen. Alikulia katika familia ya wakulima huko Firebaugh, California, na alipomaliza sekondari hakuna chuo cha FBS kilichompa ufadhili. Akaenda juko ya Reedley, akacheza mwaka mmoja, akawaandikia makocha wa vyuo kote nchini barua pepe. Wyoming wakamfuata. Kocha mkuu wa Wyoming wakati huo alikuwa Craig Bohl, yuleyule aliyekuwa akiwafundisha Bison walipomsajili Wentz. Hiyo si bahati. Bohl alikuwa ameshaona kwa macho yake kijana mrefu kutoka mji mdogo akigeuka kuwa kotabeki, yaani mwongoza mashambulizi anayerusha pasi, wa daraja la juu, kwa hiyo alipomwona wa pili alijua anatazama nini. Allen alichaguliwa wa 7 mwaka 2018, na alikuwa mchezaji bora wa NFL wa msimu wa 2024.

5. Kwa nini chuo kidogo kinashikilia sana eneo lake?

Kwa sababu mafuta ya gari ni rahisi kuliko tiketi ya ndege, na kufahamiana ni rahisi zaidi. Kila kocha msaidizi hupewa eneo: labda mashariki ya Minnesota, labda Nebraska. Analizunguka mwaka baada ya mwaka hadi mlinzi wa geti la shule anamjua kwa jina. Kocha wa sekondari akipata kijana wa kipekee ambaye bado hajulikani, anampigia simu yule aliyekuja hata mwaka ambao shule haikuwa na mchezaji wa maana.

Bison wamejengwa hivyo: Dakota mbili, Minnesota, Wisconsin, Nebraska. Ni vijana waliozoea baridi, ambao wazazi wao wanaweza kuendesha gari kuja kuwatazama. Kigogo anayefanya usajili nchi nzima hawezi kukaa kwenye kila ukumbi wa mazoezi wa mji wenye watu 3,000.

6. Kocha anamwambia mwanangu atacheza nafasi ileile anayoipenda. Ni ahadi ya kweli au ni chambo?

Inaweza kuwa kweli kabisa, na ni moja ya silaha kali za wadogo. Trey Lance wa Marshall, Minnesota, alikuwa kotabeki, lakini baadhi ya vyuo vikubwa vilimtaka acheze ulinzi wa nyuma. Bison walimwambia: njoo, utakuwa kotabeki. Msimu wa 2019 alirusha pasi 28 za mabao bila mpira hata mmoja kunaswa, timu ikashinda mechi zote 16, na mwaka 2021 akachaguliwa wa 3 katika NFL.

Ila muulize kocha swali la pili: "Kuna makotabeki wangapi kikosini sasa, na wako mwaka wa ngapi?" Kocha mkweli atawahesabu kwa majina.

7. Mtindo wa uchezaji una uhusiano gani na usajili?

Mkubwa. Kama kila chuo kinasaka majitu yenye kilo 140 ya kumlinda kotabeki anayerusha, nawe huwezi kuyapata, basi cheza mchezo usioyahitaji. Vyuo vya kijeshi, Army na Navy, kwa miaka mingi vimekimbiza mpira kwa mtindo ambao kotabeki huamua papo hapo ampe nani au abaki nao. Mtindo huo unataka wachezaji wepesi, wenye nidhamu na akili ya haraka, na hao hawagombewi sana. Army walishinda mechi 12 msimu wa 2024 na kuchukua ubingwa wa konferensi yao mpya, yaani kundi la vyuo wanaloshindana nalo, katika msimu wao wa kwanza.

Kuna na namna ya mazoezi. Huko Collegeville, Minnesota, John Gagliardi wa Saint John's, chuo cha Daraja la Tatu, hakuruhusu wachezaji wake kukabana na kuangushana mazoezini. Alistaafu mwaka 2012 akiwa na ushindi mara 489, zaidi ya kocha mwingine yeyote wa futiboli ya vyuo. Kwa mzazi anayehofia kichwa cha mwanawe, habari hiyo ina uzito kuliko ukubwa wa uwanja.

8. Kocha akija nyumbani anatafuta nini?

Anakutafuta wewe mzazi. Kijana ameshatazamwa kwenye video.

Nitasimulia moja. Ilikuwa Januari, nje baridi ya kukata masikio, na kocha wa chuo cha Daraja la Pili alikuja kwa familia ya Kikongo ninayoifahamu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mama alikuwa amepika bugali, sombe na samaki. Kocha alinawa, akala kwa mkono, akaungua vidole, akaendelea. Yule mama alimtazama kimya mpaka sahani zikaondolewa, kisha akaniambia: "Kaka, muulize. Siku mtoto wangu akivunjika mguu, nani atanipigia simu?" Kocha hakuanza kusifia hospitali. Alichukua bahasha ya bili ya umeme iliyokuwa mezani, akaandika nyuma yake namba yake na namba ya mtaalamu wa tiba wa timu, akasema: "Mmoja wetu wawili, kabla hajafika hospitali." Bahasha ile iko kwenye friji yao hadi leo.

Kijana huyohuyo alikuwa amepokea lundo la barua kutoka chuo kikubwa zaidi. Kila barua ilikuwa imekosea herufi za jina lake, na kila barua ilikosea vilevile.

9. Kwa nini simu za vyuo vidogo huongezeka Desemba na Januari?

Tangu mwaka 2017 kuna kipindi cha kusaini mapema mwezi Desemba, na vigogo hufunga sehemu kubwa ya usajili wao hapo. Anayebaki nje ni kijana aliyekuwa akisubiri ofa ambayo haikuja, au aliyeambiwa dakika ya mwisho kwamba nafasi imejaa. Chuo kidogo chenye subira kimekuwa kikiongea naye tangu kiangazi, na sasa kinapiga tena. Kumbuka nani alikuwa anapiga kabla ya Desemba. Huyo hakukuchagua kwa kukosa mwingine.

10. Tulipe kambi ngapi za kiangazi?

Chache. Kambi ya kigogo yenye vijana mia kadhaa mara nyingi ni biashara. Ofa huenda kwa wale walioalikwa kwa majina. Tafuta kambi ambayo makocha wa vyuo vingi vidogo huja pamoja kufundisha, maana siku moja mtoto anaonwa na macho mengi. Na kabla ya kulipa, mwandikie kocha wa eneo lenu umuulize kama ameshatazama video yake. Asipojibu, hifadhi pesa yako.

## Pesa

11. Chuo kidogo hakina ufadhili kamili. Kitawezaje kuwa nafuu kwetu?

Hapa wazazi wengi hupotea, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Kwa miaka mingi FBS iliruhusiwa wachezaji 85 wenye ufadhili kamili. FCS iliruhusiwa ufadhili 63, ambao unaweza kugawanywa kwa wachezaji hadi 85. Daraja la Pili lina ufadhili 36 wa kugawana kikosi kizima, ambacho huweza kuwa na vijana zaidi ya 100. Daraja la Tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa. Baada ya maafikiano ya 2025, vyuo vya Daraja la Kwanza vilivyokubali kujiunga na utaratibu mpya havina tena kikomo cha ufadhili, ila kikosi kisizidi wachezaji 105.

Sasa, kocha wa Daraja la Pili mwenye ufadhili 36 hufanya kazi ya mshona nguo mwenye kitambaa kidogo. Anakata robo kwa huyu, theluthi kwa yule. Halafu anaunganisha na vipande vingine: msaada wa serikali wa Pell, ambao kwa mwaka wa masomo 2024–25 ulifika hadi dola 7,395 na haurudishwi, msaada wa alama nzuri darasani, na msaada wa chuo kwa familia yenye kipato kidogo. Vyuo vya Daraja la Tatu, ambavyo vingi ni vya binafsi na ada yao inatisha ukiisoma mtandaoni, hutoa punguzo kubwa kwa njia hizo. Ndiyo maana makocha wao huuliza alama za darasani kabla ya kuuliza mbio za yadi 40.

Mipaka ya majimbo nayo huingia. Minnesota ina makubaliano ya ada na North Dakota, South Dakota na Wisconsin, kwa hiyo kijana wa Moorhead anayevuka mto hatozwi ada kamili ya mtu wa mbali. Kipande kidogo cha ufadhili kwenye ada ndogo kinaweza kumwacha mzazi na deni dogo kuliko kipande kikubwa kwenye ada kubwa.

Jaza mapema fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa masomo wa serikali. Wenye green card wanaruhusiwa, na wakimbizi pia. Usiseme "sisi hatutapata" kabla ya kujaza. Na ukipewa takwimu na kocha, mwombe akuandikie jambo moja tu: baada ya kila msaada, sisi tutalipa dola ngapi kwa mwaka? Linganisha vyuo kwa jibu hilo.

12. Kigogo akija na dau la NIL, mdogo anabaki na nini cha kusema?

Mara nyingi hana la kusema, na kijana huondoka. Lakini si kila mara. Ashton Jeanty, aliyeanza futiboli akiwa mtoto Italia ambako baba yake alikuwa kazini na jeshi la majini la Marekani, alicheza Boise State. Alipong'ara angeweza kutimkia kwenye pesa zaidi. Akabaki. Msimu wa 2024 alikimbia yadi 2,601, akawa wa pili katika tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, Boise State wakaingia kwenye mashindano ya timu 12 ya kuwania ubingwa wa taifa wakiwa wamepangwa nafasi ya tatu, na mwaka 2025 Las Vegas Raiders wakamchagua wa 6. Kilichombakisha ni wenzake, makocha waliomwamini mapema, na uhakika kwamba mpira utakuwa mikononi mwake.

13. Kwa nini chuo kidogo kinakwenda kupigwa na kigogo ugenini?

Kwa sababu kinalipwa, na pesa hiyo hurudi kwenye usafiri, vifaa na usajili. Septemba 7, 2024 Notre Dame waliwalipa Northern Illinois dola milioni 1.4 waje South Bend. Northern Illinois wakashinda 16–14, na Notre Dame hao hao wakaishia kwenye fainali ya taifa. Septemba 1, 2007 Appalachian State, wakati huo wakiwa FCS, waliwafunga Michigan 34–32 katika uwanja ule wa watu laki moja na zaidi. Mechi ya namna hiyo kocha huibeba mfukoni kwa miaka: "Utacheza mbele ya watu walewale, na tumeshawahi kuwanyamazisha."

## Portali ya uhamisho

14. Portali ni nini, na imewafanyia nini wadogo?

Ni orodha ya mtandaoni iliyoanza Oktoba 2018. Mchezaji akiandikwa humo, chuo chochote kinaweza kuzungumza naye. Zamani anayehama alikaa mwaka mzima bila kucheza. Mwaka 2021 kila mchezaji aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, na Aprili 2024 kikomo hicho kikaondoka kwa mwenye alama nzuri darasani.

Imewaumiza, na inaniuma kuisema. Chuo kidogo kinamtafuta kijana, kinamlisha, kinamfundisha, na akianza kuiva kigogo anakuja na kapu. Elijah Sarratt alianza Saint Francis ya Pennsylvania, akaenda James Madison, kisha Indiana. James Madison wenyewe walimpoteza kocha Curt Cignetti kwa Indiana, na wachezaji 13 wakamfuata. Indiana wakashinda mechi 11 msimu wa 2024. Na Saint Francis? Machi 2025 walitangaza kuondoka Daraja la Kwanza kwenda la Tatu, wakitaja portali na malipo ya wachezaji miongoni mwa sababu.

15. Wamejibu vipi?

Kwa namna tatu ninazoziona. Wengine wanamchukua kijana aliyekwenda kwa kigogo akakaa benchi miaka miwili. Anakuja amejifunza na ana njaa ya kucheza. Wengine wanarudi kutafuta wachezaji juko. Na wengine wanakiri wazi kwa familia: "Ukikua kutuzidi, tutakushika mkono uende. Lakini nipe miaka miwili." Nawaheshimu hao wa tatu, maana wanasema jambo ambalo sote tunalijua.

Ubaya ni kwamba makocha wengi siku hizi wanapendelea mchezaji wa miaka 21 wa portali kuliko wa sekondari. Nafasi za vijana wetu zimepungua hata kwenye vyuo vya kati.

16. Basi mwanangu aanzie chini kwa lengo la kuhama?

Achague chuo ambacho angebaki hata kama futiboli ingeisha kesho kwa jeraha. Kila uhamisho unaweza kumpotezea masomo aliyoshasoma, na wengi wanaoingia portali hawapati chuo bora kuliko walichoacha. Akihama kwa kukua, vizuri. Akienda na begi ambalo hajalifungua, makocha hulinusa na hawamchezeshi.

## Hali zisizo za kawaida

17. Kocha alisema "tuna ofa kwa ajili yako", kisha akanyamaza. Kulikoni?

Ofa ya mdomo haimfungi mtu. Ofa ya maandishi hairuhusiwi kabla ya Agosti 1 ya mwaka wa mwisho wa sekondari, na kinachokulinda ni mkataba wa msaada wa masomo uliosainiwa. Kijana mmoja wa timu yetu aliambiwa Juni kwamba anatakiwa, akaacha kujibu simu za vyuo vingine kwa uaminifu, na Novemba namba ya kocha ikawa haipokelewi. Tulihangaika naye hadi Februari. Siku hizi nawafundisha vijana wote swali moja: "Nikikubali leo, mtanipokea leo?" Kocha wa chuo kidogo mwenye ofa ya kweli hujibu ndiyo hapohapo. Akianza kuzunguka, endelea kuongea na wengine.

18. Mwanangu alisoma sehemu ya sekondari Afrika. Itamzuia?

Haimzuii, ila anza mapema. Daraja la Kwanza linataka masomo 16 ya msingi yenye wastani usiopungua 2.3, na 10 kati yake yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho kuanza. Daraja la Pili linataka 16 pia, wastani 2.2. Daraja la Tatu kila chuo hujiwekea masharti yake. Si kila darasa la Kiingereza kwa wageni linahesabiwa, kwa hiyo mwombe mshauri wa shule orodha ya masomo yaliyoidhinishwa. Vyeti vya Goma, Kigoma au kambini vitafutwe sasa, mtoto akiwa na miaka 15.

Kijana aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi, F-1, ana tatizo jingine: viza hiyo inabana kazi za malipo, kwa hiyo pesa za NIL zitafutiwe ushauri wa mwanasheria kabla ya kusaini chochote. Mwenye green card hana kizuizi hicho.

19. Na vyuo vya kijeshi?

Masomo ni bure na kijana hulipwa posho, lakini lazima awe raia wa Marekani, na akimaliza analitumikia jeshi angalau miaka 5. Kwa familia iliyokimbia vita hili ni la kuzungumzwa nyumbani, taratibu, pasipo kocha.

20. Ana miaka 16 na hajawahi kucheza. Amechelewa?

Kwa kigogo, karibu ndiyo. Kwa mdogo, hapana. Khalil Mack aliingia futiboli akiwa amechelewa sekondari, akaenda chuo cha Buffalo, na mwaka 2014 akachaguliwa wa 5. Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga moja kwa moja hadi Indianapolis Colts mwaka 2013. Wale vijana wetu waliokua wakicheza soka wana miguu ambayo makocha wa hapa huishangaa. Mwambieni kocha habari hiyo, na mpelekeeni hata video ya soka.

21. Je, chuo kidogo kimewahi kumnyakua mchezaji bora kabisa nchini?

Ndiyo, Desemba 2021. Travis Hunter, aliyekuwa juu kabisa kwenye orodha za usajili, aliwaacha Florida State dakika za mwisho akasaini Jackson State, chuo cha kihistoria cha Wamarekani Weusi kinachocheza FCS. Kocha alikuwa Deion Sanders. Mwaka mmoja baadaye Sanders akaenda Colorado, Hunter akamfuata, na akatwaa Heisman ya 2024. Jambo hilo linaleta swali la mwisho.

22. Kocha aliyemsajili mwanangu akiondoka?

Ataondoka. Kocha mzuri wa chuo kidogo huwindwa kama mchezaji mzuri. Bohl aliwaacha Bison baada ya ubingwa mara tatu, akaingia Chris Klieman akauchukua mara nne kisha akaenda Kansas State, akaja Matt Entz akauchukua mara mbili naye akaondoka, na Tim Polasek akachukua wa 2024 katika msimu wake wa kwanza. Klieman, Entz na Polasek wote walikuwa wamewahi kuwa makocha wasaidizi hapohapo Fargo kabla ya kukabidhiwa timu.

Kwa hiyo siku ya kutembelea chuo, usiishie kwa kocha mkuu. Tafuta mtu wa mazoezi ya nguvu, mshauri wa masomo, mtaalamu wa tiba. Muulize kila mmoja amekaa pale miaka mingapi. Kisha waombe wakupe nusu saa na wachezaji wa mwaka wa nne, bila kocha chumbani.